Tupeane uzoefu: Pikipiki ndogo za sporti za kuanzia (Kawasaki Ninja 250/300, Yamaha R15 na wenzake) hapa Dodoma. Ulibadilisha nini ukajuta, na nini kilikufaa?

Mleta uzi

Wakuu habari za jioni. Boda tumeziongelea sana ila kuna sie wachache tuliojilipua kwenye sporti ndogo na kila mtu anahangaika kivyake na fundi wake, nikasema tukae hapa tupeane uzoefu. Naanza na wangu, msinicheke.

Nilikuja Dodoma na ofisi, si mnakumbuka serikali ilivyotangaza 2016 kwamba inahamia huku tukawa tunaletwa kwa mafungu. Kazini Mtumba, nakaa Nkuhungu, yaani kila siku nakatiza mji mzima. Gari la mkopo sitaki. Nikapata Ninja 250R kwa jamaa yuko Dar, mtumba wa kwenda nao Mtumba hahaa. Ni ile ya kuanzia 2008 ya kabureta (kile kifaa cha kuchanganya mafuta na hewa), maana za Marekani zilibaki na kabureta wakati za Ulaya zilikuja na injekshen, yaani mafuta yanapulizwa kwa umeme. Silinda 2, cc 249, gia 6. Watu wakiona limeandikwa Ninja wanadhani ni lile dude la cc 1000, kumbe hii ni ya kujifunzia, huku chini ni mpole kabisa na moto unaanza kuja mshale wa resi ukishavuka mizunguko elfu 7 kwa dakika.

Kosa langu ni kwamba kitu cha kwanza kununua kilikuwa ekzosti, yaani bomba la moshi. Sio helmeti, sio tairi, ekzosti. Fundi akatoa bomba la kiwandani refu kama mtungi, akafunga kile kifupi cha duara, nikawasha, aisee mlio ule ulinitoa jasho la furaha. Wiki ya kwanza raha tupu. Wiki ya pili nikiachia resi inapiga pwaa pwaa kama fataki za mwaka mpya, asubuhi haikai sailensa (kunguruma yenyewe bila resi) mpaka niishikilie, na nikitaka kutoka kwenye taa inajikwaa halafu boda mwenye abiria wawili na gunia ananipita.

Na majirani sasa. Jumamosi moja kaja mtoto mlangoni, kasimama vizuri, "Shikamoo. Babu anasema hilo dege lako uwe unalizima pale dukani halafu unasukuma." Na kweli nasukuma wakuu, kilo 170 kwenye mchanga wa Nkuhungu saa 4 usiku, na helmeti kichwani ili nisijulikane.

Nyie mlianza na nini?

Fundi wa Majengo

Pole mkuu, hilo ni kosa la wengi na mimi limenilisha sana so silalamiki. Iko hivi, ndani ya kabureta kuna jeti, ni kitobo kinachopitisha mafuta kwa kipimo. Ukifungua bomba injini inapumua zaidi ila mafuta yanabaki yale yale, mchanganyiko unakuwa mkavu, hewa nyingi mafuta kidogo, ndio hizo fataki zako ukiachia resi na ndio inakataa kukaa sailensa. Alafu usije ukachukua namba za jeti za wazungu wa YouTube ukaniletea, sie hapa tuko juu, mita 1,100 na kitu toka usawa wa bahari, hewa yetu nyepesi kuliko ya Dar. Unapanda namba moja tu, unazunguka nayo siku mbili, unafungua plagi unaisoma. Nyeupe bado kavu, nyeusi ya masizi umezidisha, unataka ile rangi ya chai ya maziwa.

Ila dawa ya bei chee ni kurudisha bomba la kiwandani. Usilitupe tafadhali. Kuna kijana alimpa wa vyuma chakavu akapewa hela ya chipsi, mwaka umepita bado analitafuta lingine.

Na kwa kuwa niko hapa niseme la maji. Hizi pikipiki zina rejeta ya kupoza injini kwa maji, sio kama boda zinazopozwa na upepo. Juzi kati kaletwa Ninja 300 inachemka, mwenyewe anasema feni imekufa, nikaipima feni nzima. Nikasubiri ipoe, nikafungua kifuniko, nikamulika na tochi ya simu, ndani kweupe gaga tupu kama birika la chai la miaka kumi. Namuuliza ulikuwa unaongezea nini, ananijibu maji ya bomba! Maji ya Dodoma hayahaya yenye chumvi ambayo ukiosha nayo gari bila kufuta yanaacha madoa. Weka kulanti (yale maji maalum ya rejeta), na ukikwama kabisa tia yale maji safi ya kuongezea betri, nimesema maji sio asidi msije mkaniua.

Oili pia, ukitia ya gari klachi inaanza kuteleza, maana klachi ya pikipiki inaogelea kwenye oili hiyo hiyo ya injini. Angalia kopo liwe limeandikwa JASO MA, ndio alama ya oili inayofaa klachi hizi. Basi.

Mdau wa Kisasa

Mi nina R15 V3, cc 155. Langu ni filta ya hewa. Nilishauriwa niweke ile ya pamba inayooshwa, eti injini inapumua. Nikaiweka mwezi wa 6, na wenyeji mnajua mwezi wa 6 mpaka wa 8 hapa upepo unavyopiga, vumbi linaingia mpaka kwenye kabati la nguo sembuse pikipiki. Nikawa napita kila siku njia za vumbi upande wa Nzuguni nyuma ya malori ya kokoto.

Mwezi wa 9 namwaga oili, nikachovya vidole viwili nikasugua, inakwaruza. Ule mkwaruzo kama uji wenye mchanga. Tukafungua boksi la filta tukakuta upande mmoja mpira wake haujakaa, kuna njia ya vumbi imejichora kabisa kahawia hadi kwenye koo la injini. Sikupata nguvu yoyote ya ziada nawaambia ukweli, nilichopata ni kompresheni (mgandamizo ndani ya injini) kushuka. Nikarudisha ya kiwandani, na nabadilisha mapema kuliko kitabu kinavyosema sababu kitabu hakijaandikiwa Dodoma.

Dada wa Ilazo

Habari kaka zangu. Naona mimi ndio mwanamke pekee kwenye huu uzi ila tupo. Na mimi R15 V3, shida yangu ni urefu, kiti chake kina milimita 815 toka chini na mimi nimeumbwa kifupi, nikisimama kwenye taa nagusa kwa ncha ya kidole gumba cha mguu mmoja kama mcheza bale. (Ninja 300 ni 785, laiti ningejaribu kukaa kabla ya kulipa, rangi ya bluu ilinipofusha.)

Fundi akaniwekea vile vyuma vya kushusha nyuma kwenye shoki. Ikashuka vizuri, miguu ikafika, nikafurahi nikampa na ya soda. Sasa hakuna aliyefikiria stendi! Pikipiki imeshuka, stendi ni ndefu ile ile, kwa hiyo ikipaki inasimama wima badala ya kulala kidogo. Nimefika kazini Mtumba nimepaki, napiga hatua kama 6 hivi natoa kitambulisho, nasikia nyuma kitu kinalia kraa. Nimegeuka iko chini kwa upande wa kulia, upepo tu umeisukuma. Feringi (bodi la plastiki la pembeni) imepasuka, kishikio cha breki kimekatika, saiti mira inaning'inia na waya, na mlinzi ananiambia "dada imeanguka" kama vile sijaona.

Nilikata stendi kidogo na kuichomelea upya, na mbele fundi mwingine alipandisha zile fimbo za shoki kwenye vishikizo vyake milimita chache ili mbele nako kushuke, maana ukishusha nyuma tu usukani unakuwa mzito kukunja. Feringi nilienda kwa wale wanaoshona bampa za magari, akaishona na waya wa moto kwa nyuma, ukiangalia toka mbele huoni. Baadae nikafunga yale magongo ya pembeni ya kukinga mabodi, hicho ndio kitu ningenunua siku ya kwanza. Imeanguka mara mbili tena (usiniulize) na feringi haijaguswa.

Boda wa Sabasaba

Mnatumia hela nyingi kukaa kama mnasujudu. Mi Boxer yangu inabeba mkaa na mama mkwe. Endeleeni nasoma tu.

Mdau wa Chang'ombe

Huyo boda hapo juu kanichekesha ila ana pointi, mgongo unauma kweli safari ikizidi saa 2.

Wangu mfupi. Niliifunika stika nyeusi isiyong'aa pikipiki yote, ilikuwa nyekundu. Nikasimamishwa na trafiki njia ya Singida, kadi inasoma nyekundu, pikipiki nyeusi tii, namba ya injini imefunikwa na vumbi. Hakuwa mbaya, ila nilikaa pale juani nikifuta chesisi na soksi yangu mpaka namba ikasomeka. Nikabandua tanki na mkia, nikaacha stika kwenye rimu tu.

Kingine kilichonifaa kwa bei ndogo, kwa wenye 250, sproketi (gia ya cheni) ya mbele ina meno 14, nikaweka 15. Huku mjini inakuwa nzito kidogo kutoka ila ukishika lami ya Manyoni injini haipigi kelele sana kwa mwendo ule ule. Hakikisha na cheni ina ulegevu wake wa sentimita 2 mpaka 3, ukiikaza kama uzi wa gitaa inakula beringi.

Mzee wa Makole

Vijana hamjambo. Mimi ni wa zamani kidogo kwenye haya mambo, nilianza na Yamaha RX enzi hizo petroli unachanganya na oili mwenyewe, sasa nina Ninja 300 kwa ajili ya Jumapili.

Niongelee tairi maana naona hamtaji. 300 nyuma inakuja na 140/70-17, hiyo 140 ni upana kwa milimita. Nikaona vijana wanaweka pana nikaweka 160, nikajiona nina pikipiki kubwa. Rimu ni inchi 4, tairi ya 160 imetengenezwa kwa rimu pana zaidi, kwa hiyo inabanwa pembeni na inajikunja juu inakuwa na umbo la yai. Hapa mjini sikuona tatizo lolote, barabara zimenyooka. Nikaondoka kwenda Iringa. Mpaka Mtera poa kabisa, nimekula samaki pale bwawani. Sasa kuanza kupanda Nyang'oro kwenye zile kona ndio nikajua nimeoa mke mwingine. Unailaza kidogo haitaki, unailazimisha, inaanguka ghafla kupita ulivyotaka, na kona moja ya kushoto ikanipeleka upande wa pili wa mstari na mbele naliona Fuso linashuka. Sikushika breki kwa ushujaa, nilisahau tu. Nikapita. Nikasimama mbele kidogo nikakaa juu ya jiwe muda mrefu, hata simu sikushika.

Iringa nikanunua 140 ya kawaida, nikaiacha ile pana pale pale kwa fundi na sijawahi kuiulizia.

Mleta uzi nikuulize, hizo tairi ulizokuja nazo toka Dar ulizisoma tarehe? Ubavuni kuna neno DOT, mwishoni mwake kuna namba 4 ndani ya kiduara kirefu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Kashata (ile michoro ya juu ya tairi) inaweza kuwa nzima kabisa na mpira umeshakuwa mgumu kama soli ya kiatu cha jeshi.

Mleta uzi

Mzee shikamoo. Nimesoma ujumbe wako saa 3 usiku nikatoka na bukta na tochi. Ya mbele hiyo namba iko upande wa ndani, nikalala chini kwenye mchanga kabisa. 3113. Nimerudia mara tatu nikidhani nakosea. Wiki ya 31 ya mwaka 2013! Ya nyuma 0812. Nimebonyeza ukucha hauingii, na kwenye mifereji kuna vipasuko vidogo vidogo kama ngozi ya kisigino. Na mimi kila asubuhi nakunja nayo pale Ihumwa nikiwa nimelala kama niko kwenye mashindano.

Wife katoka kuona nani analala chini ya pikipiki usiku.

Mzee wa Makole

Marahaba. Usiipande kesho, chukua daladala.

Mleta uzi

Wakuu mrejesho baada ya wiki 2. Tairi mpya zote mbili, saizi zile zile za kiwandani 110 mbele na 130 nyuma. Nimepanda nayo ikawa kama pikipiki nyingine kabisa, mashimo niliyokuwa nadhani ni shoki mbovu kumbe ni mpira mgumu. Breki pedi nimebadili, kulanti nimemwaga ikatoka kama supu ya maharage. Bomba la kiwandani nililikuta chini ya kitanda limefungwa kwenye shuka, nimelirudisha, fataki zimekata, asubuhi inakaa sailensa yenyewe.

Jana nimepita nayo pale dukani bila kuizima. Babu alikuwa kibarazani, kainua mkono.

Kile kifupi cha duara ninacho hapa, kiko safi, nauza.

Mdau wa Nzuguni

Bei gani mkuu? Nimenunua 250 juzi.

Fundi wa Majengo

Niko hapa, nasubiri.