Mrejesho: paa la asbesto, Kikuyu

Wakuu, nimerudi. Ni yule niliyeuliza namna ya kuezua mabati ya asbesto (yale ya zamani yenye nyuzi, vumbi lake linadhuru mapafu) kwenye nyumba ya marehemu baba hapa Kikuyu, Dodoma, fundi aliposema "tunapiga nyundo tu, siku moja imeisha".

Fundi huyo nilimwacha. Nilikwenda NEMC, baraza la taifa la mazingira, kama mlivyonielekeza. Hizi ni taka hatarishi, anayezibeba lazima awe na kibali. Kumpata mwenye kibali kulinila wiki tatu na hela ambayo sikuipangia.

Tulianza alfajiri, kabla upepo wetu wa Dodoma haujaamka. Mabati yakaloweshwa maji ya sabuni, misumari ikatolewa mmoja mmoja, kila bati likashushwa zima na kufungwa kwa nailoni nzito, mara mbili. Barakoa za chujio, siyo zile za Korona.

Ila manne ya jikoni yalipasuka, na kijana mmoja akadaka ufagio! Nilimuwahi, maana kufagia kungetimua vumbi. Tukapangusa kwa matambara yenye maji, nayo yakafungwa humo humo.

Aliyetaja sabuni, asante sana. Uliyesema nipake rangi niyaache, mkuu, yalikuwa yamechakaa mno.