Wadaiwa wa dukani: sheha, mkusanya madeni au mahakama?

Mwenye Duka, Wete
Assalaam alaykum. Ninauza vifaa vya ujenzi, na wateja kadhaa waliochukua saruji na mabati kwa mali kauli wamepitisha muda waliouahidi. Kijana mmoja yuko tayari kunikusanyia madeni hayo kwa kamisheni ya asilimia 20, na anataka jibu kabla ya Ijumaa. Nimefikiria pia kwenda kwa sheha, kiongozi wa mtaa wetu, au kufungua madai mahakamani. Ipi inafaa?

Mhasibu, Mlandege
Waalaykumu salaam. Hujatueleza unadai kiasi gani, wadaiwa ni watu wanaojenga nyumba zao au ni makandarasi, wala kama wametia saini popote. Anayedaiwa laki mbili na anayedaiwa milioni nane hawafuatwi kwa njia moja.

Bi Mkubwa, Kiponda
Mimi sioni kinachomshinda sheha. Mdaiwa akiitwa mbele ya jirani zake, huahidi kulipa kidogo kidogo, na ahadi hiyo ikiandikwa na kushuhudiwa huwa tayari una ushahidi. Ukishindwa hapo, nenda kwa Kadhi.

Mhasibu, Mlandege
Bi Mkubwa, kwa heshima zote, Mahakama ya Kadhi hushughulikia ndoa, talaka, mirathi na mambo ya kifamilia. Deni la saruji halina nafasi huko.

Msambazaji, Chake Chake
Ndugu yangu, kabla ya kumjibu kijana huyo nisikilize. Nilikuwa nikipeleka unga na mafuta ya kupikia madukani, na mtu aliyesifiwa sana akaomba barua ya kumtambulisha kwa wadaiwa wangu. Alizunguka nayo hadi Konde, akapokea fedha taslimu na kuandika risiti kwa jina la biashara yangu, huku akiniambia kila wiki kwamba watu wanaomba muda. Nilipokwenda mwenyewe, kila mwenye duka alinitolea risiti yake. Ningewadai nini tena, ilhali walimlipa mtu mwenye barua yangu? Yeye alikwishavuka bahari. Ukimtumia mkusanyaji, basi fedha ziingie moja kwa moja katika akaunti yako, naye alipwe baada ya hapo.

Fundi Mabati, Mkoani
Wote mmesahau faini. Mteja akijua kwamba kila mwezi anaochelewa deni linaongezeka, atalipa.

Bi Mkubwa, Kiponda
Hiyo ni riba, baba. Suratul Baqara, aya ya 280, inataka mwenye dhiki apewe muhula.

Fundi Mabati, Mkoani
Aya ya 282 nayo inataka deni liandikwe, jambo ambalo wafanyabiashara wetu hawalifanyi. Zaidi ya hayo, muhula ni wa mwenye dhiki, si wa anayeongeza ghorofa. Zipo benki za Kiislamu zinazotoza faini na kuipeleka katika sadaka.

Mwenye Duka, Wete
Nina daftari, na baadhi yao wametia saini. Wengi ni wenye mashamba ya karafuu, isipokuwa kandarasi mmoja.

Msambazaji, Chake Chake
Wenye mikarafuu wasubiri msimu, lakini waandikishe sasa kwamba watakulipa mara watakapouza ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu.

Mhasibu, Mlandege
Na mikarafuu isipozaa? Huyo kandarasi ndiye wa kuanza naye, kwa barua ya madai yenye tarehe ya mwisho. Kiasi bado hujakitaja.