Bodi imeungua, kikundi kimepoa: mradi wa mwaka wa mwisho tunaunusuruje?

Mwana Uhandisi: Habari wakuu. Tupo wanne, mwaka wa mwisho. Mradi wetu ni umwagiliaji unaojiendesha: sensa inapima unyevu wa udongo, bodi ya Arduino Uno (kikompyuta kidogo cha kudhibiti vifaa) inasoma, udongo ukikauka inawasha pampu. Kwenye majaribio pampu ilizunguka kidogo, ikaja harufu ya plastiki, bodi kimya mpaka leo. Sensa nayo imeliwa na kutu. Kuwasilisha ni mwezi ujao. Grupu la WhatsApp limepoa: mmoja anasoma meseji hajibu, mwingine anataka tubadili mada. Bumu la mkopo limekata. Msimamizi bado hajaambiwa. Naombeni ushauri.

Fundi Redio: Dogo, pampu mliichomeka moja kwa moja kwenye pini ya bodi? Pini ya Uno ni ya miliampia 20 hivi, kapampu kadogo tu kanakula zaidi ya 100. Wekeni transista (swichi inayoendeshwa na umeme mdogo wa pini) katikati, pampu ipate betri yake, na dayodi (inapitisha umeme upande mmoja tu) sambamba na mota ya pampu, imegeuzwa kinyume. Kabla hamjachangishana bodi mpya, angalieni chipu: kama ni ile ndefu ya miguu 28 iliyokaa kwenye soketi, inachomoka. Huenda ni hiyo tu imekufa. Mkinunua nyingine ulizeni kama imeshawekewa butiloda (programu ndogo inayoiwezesha chipu kupokea programu yenu), la sivyo mtasumbuka. Sensa msiiache na umeme muda wote, iwasheni wakati wa kupima tu.

Mama Ripoti: Kubadili mada sasa hivi ni kujitafutia sapu, mtihani wa marudio. Msimamizi aambiwe kesho, na mwende na hiyo bodi mkononi. Imeungua kwa nini, mmerekebisha vipi: hapo sura ya majaribio imeshajiandika nusu. Huyo asiyejibu mfuateni hosteli, msimseme grupuni. Mara nyingi mtu anakimbia mchango, siyo kazi. Mpeni michoro ya saketi, haina gharama.

Kijiweni: Mimi ningefuta jina lake kwenye ripoti, basi.

Mama Ripoti: @Kijiweni ufute msimamizi hana habari? Kesi itakugeukia wewe.

Mwana Uhandisi: Chipu inachomoka kweli! Fundi, transista ipi kwa pampu ya volti 5?

Fundi Redio: Ulizia TIP120, na rezista ya kilo-omu 1 kwenye besi (mguu wa transista unaopokea amri kutoka kwenye pini). Hasi ya betri ya pampu iungwe na GND (hasi) ya bodi, wengi wanakwama hapo.