Theluthi tatu za nyumba ya Kibokoni na asilimia iliyopotea

Assalaam alaykum ndugu zangu,

Marehemu baba ametuachia nyumba ya Kibokoni sisi wanawe watatu, wala hapana mrithi mwingine, hivyo kila mmoja ana theluthi yake. Fomu niliyopewa na mhasibu wangu hapa Leicester inataka fungu la kila mmiliki liandikwe kwa asilimia. Nimeandika 33.33 mara tatu, jumla ikawa 99.99, fomu ikakataa. Mwanangu aliye sekondari anasema kwamba tarakimu za 3 zikiendelea bila ukomo, jumla itakuwa 99.999..., na kwamba hiyo ni 100 kamili. Nadhani ananicheza shere. Maalim uliye Mombasa, tuamue.

—

Waalaykum salaam mwanangu,

Mjukuu wangu amesema kweli. Ile 0.01 imepotea kwa sababu kalamu yako ilisimama baada ya tarakimu mbili. Theluthi yenyewe haijapungua. Gawanya 1 kwa 3 nawe utapata 0.333... isiyokoma. Zidisha pande zote mbili kwa 3: upande mmoja utapata 1, na upande wa pili 0.999... Wanafunzi wangu walilikubali jambo la kwanza bila mashaka, kisha wakaligomea la pili, ingawa ni lile lile likiwa limezidishwa tu. Asiyeridhika na ajaribu sehemu ya saba: 1 gawanya kwa 7 ni 0.142857 ikijirudia, na 142857 ukiizidisha kwa 7 unapata 999999, kwa hiyo sehemu saba hizo ni 0.999..., nazo ni 1 kamili. Mwanahisabati Euler naye, katika kitabu chake cha aljebra cha mwaka 1770, alionyesha kwamba 9.999... ni 10.

—

Maalim, shikamoo. Naandika kutoka Toronto.

Mimi bado sijaridhika. Feri ikitoka Likoni, ikavuka sehemu tisa kati ya kumi za mkondo, kisha sehemu tisa kati ya kumi za masalio, na kuendelea hivyo, itakaribia kisiwani daima lakini haitafika. Vipi basi 0.999... ifike kwenye 1?

—

Marahaba binti yangu,

Feri inasafiri, lakini namba haisafiri. Zile nukta tatu hazimwelezi mtu aliyeketi akiongeza tisa moja baada ya nyingine. Zinataja namba moja tu, ambayo 0.9, 0.99, 0.999 na wenzao wanaikaribia kuliko kipimo chochote utakachonitajia. Ukiniambia kwamba pengo ni moja ya milioni, tisa saba zinatosha kulifanya dogo kuliko hilo; ukitaja dogo zaidi, nitaongeza tisa. Lau pangekuwa na pengo baina ya 0.999... na 1, lingekuwa na ukubwa wake, nawe ungeweza kuutaja. Usione haya kutatizika, kwani wanahisabati wenyewe walingoja hadi karne ya 19, Cauchy akiwa miongoni mwao kwa kitabu chake cha 1821, ndipo wakaieleza kwa makini maana ya kikomo, yaani hiyo namba inayokaribiwa. Tena 1 haiko peke yake: 0.5 ni 0.4999..., na kila desimali yenye mwisho, isipokuwa sifuri, ina maandishi mawili, kama mtoto wa hapa Mombasa mwenye jina la nyumbani na jina la shule.

Sasa fomu, ambayo haijui nukta tatu. Muulizeni mhasibu kama inapokea 1/3. Ikikataa, mmoja wenu aandikiwe 33.34 na wawili 33.33, nanyi mkubaliane kwa maandishi kwamba hayo ni ya fomu tu na kwamba haki ya kila mmoja inabaki theluthi. Msiipuuze tofauti hiyo. Nyumba ikiuzwa kwa shilingi milioni 12, mwenye 33.34 atapata 4,000,800 na wenzake 3,999,600 kila mmoja, nami nimewaona ndugu wakinuniana kwa kidogo kuliko hicho.

—

Maalim, ahsante sana. Fomu imekataa 1/3, kwa hiyo 33.34 ameandikiwa kitinda mimba wetu, naye ametia saini kwamba nyumba ikiuzwa kwa bei hiyo atatupa shilingi 400 kila mmoja. Mwanangu ameikagua hesabu, akasema ni sawa.