Naomba ushauri: nataka kufika kilele cha Jebel Shams hapa Oman, viatu gani na maji kiasi gani?

BintiPangani: Habari za jioni wanajukwaa. Mimi Mtanzania, niko Muscat kikazi. Bosi wetu alitupeleka wafanyakazi wote kule juu kutazama lile korongo la Wadi Ghul, wenzangu wanapiga picha chini mimi macho yote yako juu, toka siku hiyo mlima haujanitoka kichwani, nimejiwekea kwamba kabla sijarudi Tanga moja kwa moja nisimame kule kwa miguu yangu. Hakuna aliyenituma, ni langu mwenyewe. Njia nimeisoma, ile W4, na mazoezi nafanya alfajiri kwenye vilima vya Riyam mpaka kutokea Matrah. Swali: raba zinatosha au nitafute buti? Na maji nibebe lita ngapi? Tafadhali msinikatishe tamaa.

Mgumu_Machame: Dada hongera sana. Mimi nimebeba mizigo ya wageni Kilimanjaro miaka mingi, pale huingii bila kiongozi wa njia na wagumu wa kukubebea mizigo, mita 5,895 lakini hata ndoo ya maji ya kunawa unaletewa asubuhi. Kuna mzungu mmoja mzee tulimpandisha, vijana wenzake waliokuwa wanakimbia walirudi wanatapika, yeye mwendo wa kinyonga akafika. Mwendo ndio kila kitu.

HojaNzito: Watu wanaenda Uarabuni kutafuta ada za watoto wewe unatafuta milima. Tuma hela nyumbani dada.

Nizwa_Kwetu: Asalaam aleikum bibiye. Mie ni wa huku huku, Nizwa na Jebel Shams ni jirani. Kwenda na kurudi ni karibu kilometa 20, weka masaa 8 mpaka 12 ya kutembea kutegemea miguu yako. Fuata zile alama za rangi kwenye mawe, njano nyeupe nyekundu, ukitembea kitambo hujaziona rudi ulipoiona ya mwisho, usikate njia. Maji njiani hakuna kabisa. Vaa buti za kufunika kifundo, yale mawe yanacheza na wakati wa kushuka miguu ishachoka. Lakini hujasema unapanda mwezi gani na unakwenda na nani.

BintiPangani: Asante kaka. Kwa hiyo lita 5 zinatosha?

Nizwa_Kwetu: Mwezi gani bibiye?

BintiPangani: Julai. Mkataba wangu unaisha Septemba na likizo nimepewa Julai, gari la fowili nishalilipia advansi. Naenda peke yangu maana wenzangu hawataki. Najua mtasema joto, ila kule juu si kama Muscat, kuna baridi.

Sista_K: Ubaridi wa kule unadanganya, jua ni lile lile na kivuli ni cha vimiti vichache. Serikali ya huko huko kuanzia Juni mpaka Agosti imekataza watu wa saiti kufanya kazi juani saa 6:30 mchana mpaka saa 9:30, na hao ni vijana wamezoea. Mimi ni nesi, nakuuliza kama dada yangu, una umri gani na kuna dawa yoyote unatumia?

BintiPangani: 47. Afya yangu nzuri.

Sista_K: Dawa nimeuliza mpenzi.

BintiPangani: Nameza za presha, kimoja asubuhi, zile za kukojoza. Ndio maana sikutaka kusema, watu wakisikia presha wanakuona maiti. Presha yangu imetulia. Na siku hiyo sitameza, kwa hiyo haina shida.

Sista_K: Hapo ndipo penye shida. Zile zinatoa maji na chumvi mwilini, ukichanganya na jasho la masaa 10 presha inaweza kushuka ghafla, unainama kufunga kamba ya kiatu ukiinuka macho yanaingia giza, na uko pembeni ya mwamba huna mtu. Kuacha mwenyewe nako usithubutu. Nenda kwa daktari mwambie mlima, mwezi na saa, aamue yeye dawa na dozi. Hata maji matupu peke yake hayatoshi, beba na ORS, zile paketi za chumvi na sukari za kuchanganya na maji.

Mgumu_Machame: Mama yangu mdogo alikuwa anaruka ruka dozi hivyo hivyo, alianguka jikoni. Jikoni tu.

KijiweChaKahawa: Hii chai wakuu, mnapoteza muda. Kilele cha Jebel Shams kuna kambi ya jeshi, raia hagusi, yeye anasema atasimama kileleni. Na dada wa kazi gani Oman anapewa likizo anakodi fowili? Mtunzi huyo.

HojaNzito: Nilishtuka tangu mwanzo.

BintiPangani: Nimesema wapi mimi dada wa kazi? Nashona abaya dukani, leseni ya udereva ya hapa ninayo. Na kambi ya jeshi iko kilele cha kaskazini, mita 3,009. Watu wote wanaopanda wanaishia kilele cha kusini, 2,997, ndiko W4 inakopeleka. Hizo mita 12 siziwanii. Mngesoma kwanza.

Nizwa_Kwetu: Kasema kweli, ndivyo ilivyo. Bibiye, mie na mke wangu na jamaa zetu hupanda Jebel Shams msimu wa baridi ukianza, Novemba hivi, karibu sana uwe nasi. Omba miezi miwili mbele kwenye mkataba.

BintiPangani: Nitamuuliza bosi. Akikataa nitapanda Julai, nitaanza saa 9 usiku na tochi ya kichwani niwe nishashuka kabla jua halijakomaa, na nitatafuta mtu. Nikirudi Tanga sina nauli ya kuja tena kwa ajili ya mlima, jamani nielewe.

Sista_K: Tunakuelewa. Ila daktari kwanza, halafu bosi. Hiyo advansi ya gari ulizia kama inahamishika.

BintiPangani: Ijumaa kliniki nyingi zimefungwa, nitaenda Jumapili nikitoka kazini.