Nameza dawa ya presha: mazoezi bado yanatoa mafuta?

MamaWawili_Githurai: Habari zenu wanajukwaa. Nina miaka 44. Tangu Januari ninameza atenolol ya presha. Mara tatu kwa wiki tunatembea na wenzangu kwenye msitu wa Karura, tunaingia geti la Kiambu Road mpaka kwenye maporomoko na kurudi. Miezi miwili sasa, na sketi ya kazini bado inanibana palepale kwenye kifungo. Kocha wetu anasema dawa hii inafungia homoni za mazoezi, mafuta hayatoki, eti niiache nione. Na kweli, saa yangu haipiti mapigo 105 hata nikipanda kilima jasho likinitiririka. Kidonge cha leo kiko mezani, sijakimeza. Nishaurini tafadhali.

NesiMstaafu: Kimeze kwanza, mwanangu, halafu tuongee. Atenolol haiachwi ghafla. Mapigo yanaweza kwenda mbio, presha ikaruka, hata mshtuko wa moyo ukatokea. Anayeibadilisha au kuipunguza ni daktari wako, tena polepole. Na hiyo saa iache: dawa inashusha mapigo, ndiyo kazi yake. Pima kwa pumzi. Ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, mwendo unatosha.

MwalimuWaBayo: Kocha ameshika nusu ya habari. Ukifanya mazoezi, adrenalini na noradrenalini hugusa vipokezi vya beta, yaani milango ya kupokea ujumbe, kwenye seli ya mafuta. Ndani ya seli saiklik AMP, kemikali ya kupitisha ujumbe, hupanda, vimeng'enya huamka, mafuta huvunjwavunjwa na kumwagwa kwenye damu. Atenolol huziba sehemu ya vipokezi hivyo, hapo hajakosea.

Ila moyo wenyewe una ujumbe wake. Damu ikirudi kwa wingi wakati wa mazoezi, vyumba vya juu vya moyo hutanuka na kutoa homoni inayoitwa ANP. Mwaka 2000 watafiti wa Toulouse, Ufaransa, walionyesha kuwa homoni hii huziamuru seli za mafuta za binadamu zitoe mafuta. Inapita kwenye kipokezi chake yenyewe na kutumia saiklik GMP, mjumbe mwingine, kwa hiyo haipiti mlango uliozibwa na dawa. Baadaye vijana waliopewa dawa ya kundi la atenolol walifanya mazoezi, na mafuta yakaendelea kutoka. Mimi jambo hili hunifurahisha kila nikilifundisha!

Sasa, kutoka kwenye seli si kuungua. Misuli isipoyatumia, mengi hurudi kuhifadhiwa. Dada, kabla ya kutembea unakula nini?

MamaWawili_Githurai: Chai ya maziwa, sukari vijiko vitatu, na mandazi mawili. Nikirudi, tena.

MwalimuWaBayo: Hapo ndipo ningeanzia. Sukari hiyo inapandisha insulini, na insulini huiambia seli ya mafuta ifunge: inavunja ile saiklik AMP kabla haijafanya kazi. Ile ya kurudi nayo inajaza ulichotumia njiani. Punguza sukari kidogo kidogo, na mandazi yabaki ya Jumapili.

NesiMstaafu: Kama huna kisukari, hata kutembea kabla ya chai si vibaya. Beba maji, na ukihisi kizunguzungu keti chini.

MamaWawili_Githurai: Nimekimeza. Kliniki ni Jumanne, nitamuuliza daktari kuhusu dozi. Leo chai nimeweka kijiko kimoja na nusu; mdogo wangu ameonja akaniuliza kama sukari imeisha dukani.