Vitabu vya aibu kwenye maktaba za shule: wazazi na walimu wa Arusha na Moshi, tupeane uzoefu

Habari za jioni ndugu zangu. Naanza mimi, nipo Pasua, Moshi. Binti yangu wa darasa la sita aliazima riwaya ya Kiingereza maktaba ya shule. Jalada lina farasi na machweo, nikafurahi, mtoto anasoma Kiingereza. Usiku nikaifungua huku nasubiri maharage yaive. Ukurasa wa arobaini na kitu nikaifunga: mambo ya chumbani ya watu wazima, hatua kwa hatua. Alikuwa nayo siku nne na hakuthubutu kuniuliza neno. Hilo linaniuma mpaka leo.

Februari 2023 Waziri wa Elimu, Mkenda, alipopiga marufuku vitabu 16 mashuleni, Diary of a Wimpy Kid vikiwemo, nilidhani yamekwisha. Ya binti yangu haikuwa kwenye orodha ile. Wenzangu mlifanyaje?

Mwalimu, Sakina
Pole sana mama. Mimi nafundisha sekondari, maktaba nimeongezewa tu juu ya vipindi vyangu. Kitabu cha kiada hakifiki darasani bila ithibati, lakini yale makasha ya msaada kutoka nje tulipiga picha na wageni, tukagonga mihuri, tukapanga rafuni siku ileile. Hakuna aliyesoma hata kimoja. Nakiri, hata mimi.

Likizo ya Juni nilikaa nikavipekua, nikatoa saba ambavyo ni vya watu wazima kabisa. Mkuu wa shule aliposikia akaagiza nitoe na kile cha mwili wa binadamu, eti kina mchoro wa mfuko wa uzazi. Nikagoma. Nikampelekea kitabu cha Baiolojia cha kidato cha tatu, mchoro ni uleule, na watoto wanautolea mtihani. Kimebaki.

Dada wa Kaloleni, Arusha
Shikamoo mwalimu, na asante kwa kugoma. Nilivunja ungo darasa la sita nikadhani naumwa. Bibi aliniambia, "Sasa ukiguswa na mvulana unapata mimba," basi. Nikawa namkwepa hata kaka yangu tukipokonyana kijiko. Kilichonitoa gizani ni kijitabu nilichokikuta maktaba ya mkoa, kimeandika hedhi kwa jina lake bila kuzungukazunguka. Wapo wazazi ambao wangekichoma. Nawaomba, msiweke kitabu kile na riwaya ya mama wa Pasua kwenye kapu moja.

Baba wa Majengo, Moshi
Shule ya wanangu haina maktaba. Hayo wanayaona kwenye simu ya kaka yao, na huko hakuna mwalimu wa kupekua.

Mleta mada
Marahaba binti, na mwalimu asante. Nilikuwa nakwenda shuleni kudai maktaba ifungwe. Baada ya kuwasoma, kwenye kikao cha wazazi nikaomba tupatikane wa kusoma vitabu kabla havijapangwa. Tumejitokeza wawili, mimi na mama mmoja anayeuza nyanya Mbuyuni. Tumepewa kumi na vinne vya kuanzia. Vitatu nimemaliza, havina neno, na kimoja ni kizuri kweli.

Jana binti alinikuta nasoma, akakaa pembeni, akaniuliza lile aliloshindwa kuuliza siku zile. Nilitafuta maneno muda mrefu. Nimemjibu.